Jina Lililokaa Nyuma ya Kitabu

Wastaafu wengi wakiombwa waandike maneno mawili matatu kwa vijana huanza kwa shukrani. Wanamshukuru Mungu, wanamshukuru mwajiri, wanashukuru hata kiti walichokalia. Mimi nitaanza na ukweli: nimetoka kazini na uchungu, na uchungu huo bado ninao hapa Myanga, ninapokaa sasa na kuku wangu na kompyuta ndogo ambayo kifuniko chake nimekifunga kwa gundi ya karatasi. Ukitaka hekima tamu, kuna wengine wengi wa kukupa.

Kazi yangu ilikuwa faharasa. Najua wengi wenu hamjawahi kuifikiria. Ni zile kurasa za mwisho kabisa za kitabu, ambapo majina na mambo yamepangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila moja kuna namba za kurasa. Hakuna anayenunua kitabu kwa sababu ya faharasa. Hakuna mwandishi aliyewahi kutuletea soda kwa sababu ya faharasa. Lakini mtu akiwa na shida, au akiwa anamtafuta mtu wake, hapo ndipo anafungua kwanza, na asipoona kitu anafunga kitabu na kukiweka chini.

Siku hizi mnaambiwa inajitengeneza yenyewe. Haijitengenezi. Kompyuta inajua kupanga na kuhesabu, na kwa hayo mawili naivulia kofia, maana mimi nimepanga kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Ila kujua nani atakuja kutafuta nini, hilo haijui, na wengi wenu pia hamjui, kwa sababu hamjauliza.

Aliyenifundisha kuuliza ni Mama Njeri. Alikuwa na kampuni ndogo ya uchapishaji pale Kitale, ya familia, kwani wazazi wake walikuwa wamehamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati na wakakaa. Alinichukua nikiwa msichana wa kutoka Bungoma ambaye hajui kitu ila kupiga chapa. Kompyuta haikuwepo. Alikuwa anakata maboksi ya mbegu ya mahindi yawe kadi, jina moja kadi moja, na kadi za herufi moja anazifunga kwa vibanio vya kuanikia nguo. Ukiingia ofisini ungedhani tunaanika karatasi.

Mama Njeri alikuwa mkali na hakuwa na maneno mengi. Ukimletea kadi alikuwa anauliza swali moja tu: huyu anayekuja kutafuta ni nani, na atakuja na neno gani mdomoni? Tulipotengeneza mwongozo wa wakulima wa Kachibora, niliandika majina ya magonjwa ya mahindi jinsi bwana shamba alivyoyaandika. Akanirudishia kadi zote. Mkulima akiona majani yamegeuka manjano, alisema, hajui ugonjwa unaitwaje, ndiyo maana ananunua kitabu. Kwa hiyo tukaweka "majani kuwa manjano" kwenye herufi M, ingawa maneno hayo hayakuwa mahali popote ndani ya kitabu. Shika hapo, kijana, maana ndipo kisa changu chote kilipo. Kitu kinaweza kuzungumzwa kwenye ukurasa mzima bila jina lake kuandikwa hata mara moja, na kazi ya faharasa ni kukipata.

Katika mwongozo uleule niliweka pia neno "mahindi" na kurasa zake zote. Zilikuwa karibu kitabu kizima, namba zikifuatana mistari na mistari. Mama Njeri aliitazama ile orodha akaniuliza kama natengeneza faharasa au kalenda. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kompyuta zilipokuja zilikuja kuukuu, na virusi vilikula maandishi yetu jinsi panya wanavyokula mahindi yasiyotiwa dawa. Aliyetuokoa ni Gitau, mtoto wa Mama Njeri, akitoka chuoni. Sitamnyima haki yake. Ni yeye aliyenifundisha kuandika kitabu katika faili ya maandishi matupu, isiyo na rangi wala mapambo, halafu kuigeuza iwe LaTeX, ule mfumo unaopanga kurasa vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Faili ilikuwa nyepesi, ilifunguka kwenye mashine yoyote, na virusi havikuitaka.

Faharasa ndani ya mfumo huo ilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu ilikuwa ni kadi za Mama Njeri zilizobadilisha nguo tu. Palepale penye habari, unaandika mstari mmoja unaoanza na alama ya hash, hivi:

#+INDEX: mahindi!majani kuwa manjano

Mstari huo msomaji hauoni. Kabla ya alama ya mshangao ni kichwa, baada yake ni tawi lake. Ukiigeuza faili kuwa LaTeX, mstari unageuka kuwa alama iliyofichwa ndani ya ukurasa, na programu nyingine inakusanya alama zote, inazipanga kwa alfabeti na kuandika namba. Uuweke mstari karibu kabisa na aya yake. Ukiuacha juu sana, kurasa zikisogea utamtuma mtu mahali ambapo habari bado haijafika.

Na ukishabadilisha chochote, rudia mzunguko wote: LaTeX, kisha programu ya kupanga, kisha LaTeX tena. Gitau hakupenda kurudia. Alikuwa na haraka tangu utoto, mama yake alisema hata maziwa alikuwa anayanywa yakichemka. Kuna kanisa moja tulilitengenezea kitabu cha nyimbo, akaongeza dibaji dakika ya mwisho bila kurudia mzunguko, na namba zote zikabaki za zamani. Katika mazishi ya kwanza baada ya vitabu kufika, mwimbishaji alitafuta wimbo wa kuaga kwenye faharasa, akatangaza ukurasa, na waombolezaji wakajikuta wameshaanza ubeti wa kumkaribisha bibi arusi. Ilisemekana hata mjane alitabasamu. Tulilipa gharama ya kuchapa upya, na Mama Njeri hakuzungumza na mwanawe kwa muda mrefu.

Mama Njeri alipofariki, kampuni ikawa ya Gitau. Alifungua tawi Bungoma mjini akanipeleka huko, mimi na meza moja, kwa kuwa ni nyumbani kwetu na wateja wa huko walitaka mtu wa kuzungumza naye lugha yao. Ndipo ikaja kazi ya Bumula.

Wazee wa sehemu moja huko Bumula walitaka kitabu cha historia yao: nani alikuja lini, nani alijenga nini, shule na kanisa na soko vilianza vipi. Walikubaliana kwamba kila mzee atasema yake, na kitabu kitayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, bila kuongeza. Walichagua mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti nzito na suti ya kila siku. Mimi nilizunguka na simu nikirekodi, kisha nikaandika.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kukhu Nasimiyu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo, na hakuacha kuchambua hata mara moja alipokuwa akinieleza. Alisema alipoolewa pale, wanawake walikuwa wanafuata maji mbali, chini kabisa mtoni, na chemchemi nzuri ilikuwa ndani ya shamba la baba mkwe wake. Ndugu za huyo mzee walikuwa wameizungushia ua kwa ajili ya ng'ombe wao. Siku moja baba mkwe alimwona yeye, bibi arusi mgeni, akianguka na mtungi kwenye matope. Akachukua panga, akaufyeka ule ua, akafungua njia mpaka barabarani, na akasema kila mwanamke apite hapo. Ndugu zake hawakumsamehe. Walimtenga mpaka akafa, wakamzika pembeni bila hata msalaba. Leo pale kwenye chemchemi kuna tangi la saruji na kibao, na jina lililo kwenye kibao ni la mmoja wa ndugu hao waliojenga ule ua, baba yake mwenyekiti wa kamati.

Alieleza yote hayo kwa muda mrefu, tena vizuri, na kila mara alimwita "mzee wetu", au "mwenye boma", au "yule baba". Nilijua ni kwa nini. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Mimi mwenyewe wangu sijawahi kumtaja na sitamtaja. Wanaume wa boma lile, ambao wangeweza kumtaja, walikuwa wamekufa wote. Jina lenyewe nilikwisha kulipata kwa jirani: Khaemba.

Nikamuuliza Kukhu kama naweza kuliweka ndani ya maneno yake, mara moja tu, ili msomaji ajue. Aliuweka ungo chini.

"Hapana," alisema. "Kitabu ikisema ni Nasimiyu amesema, basi ni mimi nimesema. Mimi nimeolewa na mtoto wake. Siwezi."

"Lakini Kukhu, watu watamjuaje?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe mwenye kusoma? Hii kibao hapa chini iko na jina ya mtu mwingine. Wajukuu wangu wako Kitale, wengine Nairobi. Wanafikiria maji ni ya huyo wa kibao."

Hapo nikamweleza kuhusu kurasa za nyuma. Nilimwambia kuna mahali mwisho wa kitabu ambapo majina yanakaa peke yake, na mbele ya jina ni namba inayompeleka mtu kwenye habari. Akanisikiliza kwa makini kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Huko nyuma ni nani anaongea?" akauliza.

"Hakuna mtu, Kukhu. Ni kitabu tu."

Alifikiria, kisha akachukua ungo wake tena. "Basi mweke huko. Hawa watoto hawasomi kitabu yote, wanafungua nyuma. Wakimtafuta wampate."

Nilirudi ofisini nikafanya kazi ambayo Mama Njeri angeipitisha bila kuirudisha. Kila aya ya Kukhu iliyomhusu yule mzee niliiwekea mstari wake: Khaemba na kufyeka ua, Khaemba na njia ya maji, Khaemba na kaburi lake. Maneno ya Kukhu sikuyagusa. Katika kitabu kizima, jina hilo halikuwa mahali pengine popote ila kwenye mistari ile yenye hash. Nilizungusha mzunguko wote, nikachapa nakala ya majaribio, nikaitazama: Khaemba alikuwa pale, kati ya Kerre na Khisa, na matawi yake matatu chini yake. Nilimpelekea Kukhu ule ukurasa Bumula. Aliweka kidole mahali nilipomwonyesha, akakiacha hapo kwa muda. Nikatuma faili Kitale.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana kitakutokea na wewe. Mwenyekiti alitaka kuongeza sura nyingine juu yake mwenyewe. Gitau akafungua faili zangu, akaziona zimejaa mistari ya hash, na akanipigia simu.

"Rispa, hizi vitu za hash ni za nini? Faili imekuwa chafu sana. Nimesafisha."

Nikamwambia ni faharasa, arudishe zote kama zilivyokuwa.

"Relax, bana. Faharasa iko. Nimepata kitu inatafuta majina yote kwa kitabu yenyewe na inaweka kurasa. Haukuwa na haja ya kujisumbua."

Nilimweleza kwamba kuna mtu ambaye jina lake halimo ndani ya maneno. Aliniuliza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, itawezekanaje mtu awe kwenye kitabu na jina lake lisiwe kwenye kitabu. Nikaanza kumweleza habari za wakwe. Akanikatiza kwamba kazi imeshaenda kwa mwenye mashine ya kuchapa, na kwamba kama ni jina moja, hakuna atakayejua.

Kitu kinachoniuma ni kwamba Gitau si mjinga. Aliyajua yote haya. Alikulia chini ya meza yenye vibanio vya mama yake. Alichoka tu. Aliona mistari ambayo kazi yake alikwisha kuisahau, na badala ya kuuliza akafuta, na mashine yake ikampongeza kwa usafi. Nilipoandika barua ya malalamiko, alijibu kwamba tutarekebisha kwenye toleo la pili. Toleo la pili halikuja, na kabla mvua ya mwaka huo haijakatika nilikuwa nimestaafishwa, kwa sababu faharasa sasa inajitengeneza yenyewe. Walinipa keki yenye jina langu, na jina langu walilipata bila shida.

Faili yenye mistari yangu bado ninayo. Wakati mwingine naifungua, naigeuza, nazungusha mzunguko, na Khaemba anatokea kati ya Kerre na Khisa kama kawaida. Halafu nafunga kompyuta nakwenda kuwalisha kuku. Kitabu kilichoko madukani Bungoma ni kile kilichotoka kwenye faili iliyosafishwa. Kwa hiyo ukirithi faili ya mtu na ukakuta mstari usioujua, usiufute. Mpigie simu. Kama amekufa, waulize waliofanya kazi naye. Siku moja inaweza kuwa faili yangu.

Lakini yote hayo ningeweza kuyasahau, hata keki, kama si siku ya kuzindua kitabu.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule huko Bumula, mahema yamesimamishwa, kwaya imeshaimba. Kukhu aliletwa na mjukuu wake Nekesa, mwalimu anayefundisha Kitale, akakalishwa mbele pamoja na wazee wengine waliosimulia. Alikuwa amevaa gauni jipya. Maboksi yalipofunguliwa, kila mzee akapewa nakala yake, na nikaona Kukhu akimpa Nekesa kitabu kikiwa kimefunguliwa upande wa nyuma, kama nilivyomfundisha.

Nekesa alishuka na kidole. Akarudi juu, akashuka tena.

"Kuna Kerre," alisema. "Halafu Khisa. Kukhu, hayuko."

Kukhu alinigeukia. Nilichukua kitabu nikatazama, ingawa nilikwisha kujua. Mwenyekiti alikuwa na kurasa mistari kadhaa, namba zikifuatana kama ile kalenda yangu ya mahindi. Baba yake alikuwepo, kwa ajili ya kibao. Nilitaka kumweleza Kukhu habari za hash na usafi, nikaona ni upuuzi, nikamrudishia Nekesa kitabu.

Mwenyekiti alihutubia. Kisha mshereheshaji akawaomba wazee waliosimulia wawasalimie watu, mmoja mmoja. Zamu ya Kukhu ilipofika, aliinuka mwenyewe, akakataa mkono wa Nekesa, akapokea kipaza sauti.

"Mimi nimekaa kwa hiyo boma tangu nikiwa msichana," alisema. "Mtu alifungua njia ya maji, akafyeka ua ya ndugu zake, anaitwa Khaemba. Ni baba ya bwana yangu. Khaemba."

Wanawake wa rika lake waliokuwa kwenye hema waliinamisha vichwa. Mmoja alijifunika uso kwa leso. Vijana hawakuelewa, wakapiga makofi, na mshereheshaji naye akawahimiza wapige tena.  Kukhu alikuwa hajawahi kulitaja jina hilo maishani mwake, alikuwa amelibeba mpaka uzee akilizunguka kwa heshima, na tuliandika kitabu kizima ili asilazimike kulitaja.

Alirudi polepole kwenye kiti chake. Nilisimama nikamshika mkono ili nimsaidie kuketi.

"Sasa nimelitaja mimi mwenyewe," aliniambia. "Kitabu yenu ilikuwa ya nini?"

Kisha akauondoa mkono wangu, akaketi peke yake.